Dakika ya Saa Nne na Kumi

Siku Mtaalamu alipokutana na Fundi, ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa umejaa mpaka watu wanapumuliana visogoni. Madirisha manne ya makarani, foleni nne, na kila foleni ina mtu anayeapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mtaalamu alikuwa na siku tatu tu kazini. Jina hilo makarani walimpa kwa utani, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote na ndiye aliyeajiriwa kuitunza programu ya kompyuta za hospitali nzima.

Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kwenye chumba cha kompyuta, nyuma ya dirisha la nne, ambako kiyoyozi kinavuma kutwa na baridi yake inagonganisha meno. Alikuwa amevaa gauni jipya la rangi ya zambarau, gauni la kujitambulisha kazini, lakini nani angeliona? Juu yake alikuwa amejitia sweta la kijani, kubwa kidogo, alilolikuta limetundikwa nyuma ya mlango. Lilikuwa na vifungo vitano, vinne vyeusi na kimoja cheupe.

Saa nne na dakika kumi kamili, skrini zote ziliganda.

Makarani hawakushtuka. Waliinua mikono kwenye kibodi, wakaisogelea chupa ya chai. Aliyeshtuka ni yeye, maana mshahara wake ulikuwa wa kuzuia skrini zisigande. Akatoka mbio, akakata foleni ya kwanza, akakata ya pili, akamgonga mwanamume aliyesimama mbele ya mlango wa lifti. Alikuwa na ovaroli ya buluu, bisibisi kwenye mfuko wa kifuani, na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Samahani kaka, nimekukanyaga?"

Mwanamume alilitazama lile sweta. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyemwona marehemu amerudi kuchukua alichosahau. 

"Usihangaike," akasema. "Ni dakika moja tu. Itarudi."

"Nani kakuambia?"

"Hesabu."

Wakasimama. Dakika ilipotimia, skrini zikarudi, makarani wakarudi, na kelele za foleni zikaanza pale zilipokuwa zimeishia.

"Wewe ni mganga?"

"Mimi fundi wa lifti. Hiyo dakika ipo kila siku, saa hii hii." Akalitazama tena lile sweta, akahamishia macho sakafuni. "Chumba kile kina baridi sana."

"Umewahi kuingia?"

"Nasikia tu watu wakisema."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa binti huyu. Ulikuwa mdogo, wa kukwepa maneno, na ndio uliokuja kuwaliza wote wawili.

Sasa niwaeleze kazi ya huyu binti, maana bila kuijua hamtaelewa alivyonaswa. Hospitali ile iliendeshwa na programu kuukuu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo vyuoni hawaifundishi tena. Mtaalamu alikuwa anajua lugha tatu, zote za kisasa, zenye maneno machache na alama nyingi. Hii ya zamani ilijaa maneno kama barua ya kuomba kazi serikalini. Sentensi ndefu, kila moja na nukta yake mwishoni, na mashine ilikuwa inanuna kwa kosa dogo kabisa. Wiki ya kwanza alilia chooni mara mbili, akarudi nyumbani kwa shangazi yake akamwambia anaacha kazi.

"Utaacha ukishaishinda," shangazi akamjibu. "Ukiiacha imekushinda, hiyo ni kufukuzwa."

Aliyemwokoa ni marehemu. Mwanamke aliyeitunza programu kabla yake alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa. Lakini aliacha maelezo ndani ya programu yenyewe. Katika lugha ile, mstari ukianza na alama ya nyota, mashine inauruka. Ni mstari wa binadamu atakayekuja kusoma baadaye. Wengine huandika hapo neno moja au mawili. Huyu aliandika kama anapiga soga jikoni.

* Mwenzangu, ukifika hapa umechoka. Kanywe chai kwanza.

* Hapa tunahesabu vitanda. Usiniulize kwa nini tunaanza na sifuri. Nilimuuliza mwalimu wangu, akaniambia nyamaza.

* Huku niligusa siku moja nikalia siku mbili. Wewe gusa kwa adabu.

Mtaalamu akampa jina, akamwita Dada Nyota. Kidogo kidogo akazoea kumjibu kwa sauti. "Chai nimeshakunywa, dada. Haya, niambie hii ya dawa inaanzia wapi." Kiti alichokalia kilikuwa bado kimepimwa kwa urefu wa miguu ya Nyota. Kikombe chake chenye ufa kilikuwa bado dirishani. Kuna asubuhi binti alihisi kabisa kwamba akigeuka ghafla atamkuta mtu amesimama nyuma yake, anamsomea begani. Hakugeuka. Aliendelea kuandika, nywele zimemsimama shingoni.

Wiki ya pili Fundi akaja na daftari.

"Lifti mpya zinaletwa, zina kompyuta tumboni," akasema. "Mkurugenzi kasema fundi asiyeweza kuziandikia programu atafute kazi nyingine. Nifundishe, Mwalimu."

"Mimi nimekuwa mwalimu tangu lini?"

"Tangu niliposhuka ngazi zote na daftari."

"Fundi wa lifti, unatumia ngazi?"

"Mpishi hali chakula chake akiwa kazini," akasema, na binti akacheka bila kutaka.

Walikuwa wanasomea juu ya paa, saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha mitambo ya lifti. Gurudumu kubwa lilikuwa linazunguka karibu yao na kamba za chuma zinapanda na kushuka, zinanuka mafuta. Fundi alikuwa anafuta meza kwa kitambaa safi, anampa Mwalimu wake kiti chenye mgongo, mwenyewe anakalia ndoo iliyopinduliwa. Mtaalamu alimchagulia lugha ya kisasa, iliyo rahisi.

"Kama mlango umefungwa, basi panda. La sivyo, subiri. Umeelewa?"

"Hilo hata hii lifti kongwe inalijua, na haijaenda shule."

"Basi itafaulu kabla yako."

Programu yake ya kwanza ilikuwa kijumba kidogo kinachopanda na kushuka kwenye skrini. Kilipanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka, hakikutaka kukoma.

"Hukuiambia iishe lini," Mtaalamu akamwambia.

"Nilidhani itachoka."

Mtaalamu alicheka mpaka akajifunika uso kwa mikono ya lile sweta la kijani. Fundi alimtazama akicheka, akacheka naye, kisha akanyamaza ghafla kama aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Kila siku, kabla ya somo kuisha, alikuwa na swali lake lile lile. "Na dada yako Nyota, leo kasema nini?"

Mtaalamu alikuwa anamnakilia maelezo kwenye karatasi na kumsomea. Mara nyingine Fundi alicheka kabla ya mwisho wa sentensi. Mara nyingine alisema, "Isome tena, polepole." Binti akadhani amepata mwanamume anayejali kazi yake. Ni nani asiyependa hilo?

Simu zikaanza jioni. Zikawa ndefu.

"Huyo anayekupigia ni mtu au kengele?" shangazi akauliza.

"Ni mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi anaaga mara tano? Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, na wewe kifua kimeshakubana."

Jioni moja, katikati ya mzaha, Fundi akamwambia kwenye simu, "Mimi niliwahi kuoa. Mke wangu alifariki. Miaka minne sasa."

"Pole sana. Alikuwa anafanya kazi gani?"

Binti akaangalia kama simu imekatika.

"Kazi za ofisini," akasema hatimaye. "Alikuwa na maneno mengi."

Alitaka kusema yote. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliogopa kwamba akilitoa, binti hatapanda tena juu ya paa, na ile saa moja ya mchana ndiyo pekee aliyokuwa anaingojea tangu alipozika. Akalimeza. Akamtakia usiku mwema mara ya sita.

Mkurugenzi alikuwa anataka ile dakika iondolewe. Wagonjwa walikuwa wanalalamika, na kweli, kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa mgongoni dakika ni nyingi. Mtaalamu aliitafuta wiki tatu, mstari kwa mstari, akidhani ni ugonjwa wa mashine. Haukuwa ugonjwa. Ulikuwa mstari mmoja, safi kabisa, unaosema: ikifika saa nne na dakika kumi, subirini sekunde sitini. Mtu aliuweka kwa makusudi.

Na haukuwa na nyota. Nyota aliyeandikia maelezo hata vitanda, hapo alikuwa amefunga mdomo.

"Dada, hii ni ya nini?" binti akauliza. Kiyoyozi kikavuma. Akangoja kidogo, kama vile kweli angejibiwa. Kisha akajiambia ni jaribio lililosahaulika, akaufuta.

Furaha ilimjaa, akataka Fundi awe wa kwanza kuona. Akampigia. "Kesho shuka saa nne na dakika kumi. Nina zawadi yako."

"Hata usiposema huwa nashuka," Fundi akajibu, na sauti yake ilikuwa na tabasamu.

Alishuka amenawa mikono, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasimama pale pale mbele ya lifti. Saa ya ukutani ikafika. Skrini zikaendelea kuwaka. Makarani, mikono hewani, wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakairudisha kwenye kibodi. Foleni zikasogea.

"Umeona?" Mtaalamu akanong'ona, anang'ara. "Nimeipata. Ulikuwa mstari mmoja tu."

"Umefuta."

"Nimefuta, ndiyo."

"Mstari mmoja tu," Fundi akarudia. Uso wake ulikuwa umekauka. Akaingia ndani ya lifti, mlango ukafungwa mbele ya binti, taa za ghorofa zikawaka moja moja mpaka juu.

Mchana huo hakukuwa na somo. Simu hakupokea, siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu aliandika ujumbe: Mwalimu, nipe muda. Mtaalamu aliusoma mara ishirini akitafuta kosa lake ndani yake, kama anavyosoma programu, na hakuliona.

"Ana mwanamke mwingine," akamwambia shangazi, macho yamevimba.

"Labda. Mwanamume anayenuna kwa sababu kompyuta imepona ana jambo lake. Kamuulize. Kuuliza si ujinga."

Aliyemjibu hakuwa Fundi. Alikuwa Mama Dirisha, karani mzee wa dirisha la kwanza, mwenye miwani ya kamba shingoni, aliyekuwa hapo kabla kompyuta hazijafika. Asubuhi ya nne alimvuta binti kwenye chumba cha mafaili, akafunga mlango.

"Kaa. Mficha uchi hazai, na huyu mwanangu wa lifti kaficha vya kutosha. Hilo sweta umelipata wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Hicho kifungo cheupe unakijua? Cheusi kilidondokea kwenye shimo la lifti. Wakakitafuta wote wawili wanacheka, wakakikosa, akashonea hicho."

"Wote wawili nani?"

"Yeye na mumewe. Huyo dada unayezungumza naye mle ndani ukidhani hatusikii. Mumewe ni Fundi."

Mtaalamu alikishika kile kifungo cheupe.

"Yule mwanamke alikuwa hapumui kwa kazi," Mama Dirisha akaendelea. "Akitoka nje kidogo, simu: skrini imezima, karatasi imekwama. Siku moja akatuambia, jamani, kuanzia kesho mashine zitalala dakika moja, na ninyi pumzikeni. Zikilala zote hakuna itakayoharibika, na hakuna atakayemwita. Basi kila siku saa nne na dakika kumi anatoka mbio, mwenzake keshashusha lifti, mlango unafungwa. Dakika ikiisha, unafunguka. Tuliwatania mpaka tukachoka. Alipofariki, dakika ikabaki. Na huyu akaendelea kushuka. Anasimama pale mlangoni mpaka iishe, halafu anarudi kazini. Nasi hatukumwambia mtu."

Mtaalamu alilivua sweta kama linamuunguza. Alimwonea Fundi huruma, alijionea aibu, na juu ya vyote alimwonea wivu marehemu, wivu mkali ambao hakuwahi kumwonea mtu aliye hai. Mwanamke aliyemfundisha kazi, aliyemchekesha, aliyemtoa chooni akilia, ndiye aliyekuwa amekaa katikati yao muda wote.

Akapanda ngazi zote mpaka juu, sweta limekunjwa kwapani. Fundi alikuwa amekalia ndoo yake. Daftari lilikuwa wazi magotini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kwanza nilikuona na sweta lake, nikakosa neno," Fundi akasema. "Siku ya pili nikaona aibu. Siku ya kumi nilikuwa nimeshachelewa."

"Ulipokuwa unaniambia isome tena, ulikuwa unanisikiliza mimi au yeye?"

Gurudumu likazunguka, likasimama. Mtu chini huko alikuwa amefika anakokwenda.

"Yeye," akasema. "Sitakudanganya tena. Mwezi wa kwanza nilikuja kumsikia yeye. Sikujua kama aliandika yote yale. Nyumbani alikuwa anasema ni hesabu tu."

Lilimchoma. Alikuwa amelitaka jibu, na bado lilimchoma.

"Na baada ya huo mwezi?"

"Baadaye nikawa nasubiri umalize kusoma, uanze kunicheka."

Mtaalamu akaliweka sweta mezani, akalinyoosha mikono. "Naweza kuurudisha ule mstari. Mkurugenzi atagomba, agombe. Kesho saa nne na dakika kumi dakika yako itakuwepo."

"Ungemrudisha? Wewe?"

"Kanifundisha kazi. Nimemfuta bila kumuaga." Akakaa kwenye kiti chake chenye mgongo. "Kwa nini ule mstari hakuuandikia maelezo? Kila kitu aliandikia."

"Mambo yetu hakuyaandika," Fundi akasema. Akaugusa mkono wa sweta, akazunguka na kidole kile kifungo cheupe. "Nipe mpaka kesho, Mwalimu. Nikupe jibu lililokamilika."

Jioni hiyo simu haikulia. Mtaalamu alilala anajua kwamba kesho atamwandika mwanamke mwingine kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba akiandika, nafasi yake haitakuwepo tena. Shangazi alimpikia chai, hakumuuliza kitu.

Asubuhi aliuandaa ule mstari. Ulikuwa kwenye skrini, umekamilika na nukta yake, umebaki kubonyezwa tu. Saa nne kasoro dakika moja, Fundi akagonga mlango wa chumba cha kompyuta. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akatazama kiti, akatazama kikombe chenye ufa, akatazama msumari mtupu wa sweta. Kisha akampa daftari.

"Sahihisha," akasema, akaondoka.

Ilikuwa programu fupi, imeandikwa kwa kalamu, kwa ile lugha mpya aliyofundishwa juu ya paa. Kama saa ni nne na dakika kumi, basi shuka. Fungua mlango. Mchukue Mwalimu. Panda. Rudia. Juu yake kulikuwa na maelezo, kila mstari umeanza na vijiti viwili vya mshazari, maana katika lugha hiyo ndivyo mashine inavyoambiwa iruke.

// Hii mashine haisomi. Ni ya Mwalimu peke yake.

// Usiurudishe. Ukiurudisha nitashuka kumngoja yeye maisha yangu yote, na wewe utakaa nyuma ya dirisha unatuhesabia sekunde.

// Maelezo yake mengine nakuomba usiyafute.

// Nimemuaga jana, juu, peke yangu. Nimelia sana.

// Nataka kukuoa. Ukikubali, njoo kwenye lifti. Ukikataa, niwekee alama unirudishie daftari langu.

Mtaalamu alisoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akaugeukia ule mstari wa skrini.

"Dada," akasema, "umesikia mwenyewe." Akaufuta herufi kwa herufi, polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi barabarani. Safari hii aliaga. Alipomaliza alibaki amekaa kidogo kwenye kile kiti, akahisi tena mtu nyuma yake. Akageuka. Hakukuwa na mtu.

Alitoka na daftari. Leo alikuwa na gauni lake la zambarau bila kitu juu yake. Akapita katikati ya foleni zile zile, samahani, samahani, mpaka kwenye lifti. Fundi alikuwa amezuia mlango kwa mguu, shati jeupe, jasho usoni.

"Una kosa moja," Mtaalamu akasema.

"Wapi?"

"Hapa mwishoni. Umeandika rudia. Hukuiambia iishe lini. Tulishalisema hili."

"Hapo sikusahau," Fundi akajibu.

Binti akaingia. Alisimama upande wa kulia, akaacha nafasi kidogo upande wa kushoto, hata yeye hakujua kwa nini. Fundi akaiona ile nafasi, akamshika mkono, hakuiziba. Mlango ukafungwa.

Saa ya ukutani ikafika nne na dakika kumi. Skrini zote zilikuwa zinawaka, programu haikusita hata kidogo. Lakini kwenye dirisha la kwanza Mama Dirisha aliinua mikono yake kutoka kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Karani wa pili akamwona, akainua yake. Wa tatu akafuata, na wa nne. Hakuna aliyewaambia.

"Mama, mashine imeharibika tena?" mzee wa mbele kwenye foleni akauliza.

"Hapana baba," Mama Dirisha akasema. "Mashine ni nzima."

Akahesabu sitini kimoyomoyo, bila kuikimbiza, kisha akavaa miwani yake akamwita anayefuata.